Kadi za Watawa na Usukani wa Mama Mkwe

Nafundisha watu kuendesha gari hapa Lubumbashi, na kwa miaka mingi nilijulikana kwa jambo moja: kupiga kelele. Wanafunzi walinijua kwa sauti kabla hawajanijua kwa sura. Mmoja wao, mhasibu mwenye mvi na tai, aliwahi kusimamisha gari katikati ya njia panda, akatoka, akafunga mlango polepole, akaenda zake kwa miguu. Mimi nilibaki upande wa abiria, mkanda umenibana, nikiendelea kumkaripia mtu ambaye hayupo tena.

Baadaye nilinunua gari jingine la kufundishia, lililokwisha kutumika Ubelgiji. Nililipeleka kwa fundi wangu katika mtaa wa hapa mjini uitwao Kenya aniongezee pedali za pili upande wa mwalimu. Alipofungua kisanduku cha mbele ya abiria ili apitishe mikono yake, akakuta kopo la bati limejibana nyuma. Aliniita.

"Mama, kuya uone. Mi sigusi tena hii kintu."

"Iko nini?"

"Iko makarata. Lakini haina ya kucheza. Iko na maandiko, na muntu mwenye kichwa bila nywele. Nazani iko ya bafumu."

Aliogopa ni vitu vya waganga, na alikuwa amelisukuma kopo hadi ukingoni mwa meza kwa ncha ya bisibisi. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na kadi hamsini na kitu, kila moja ina maneno machache kwa Kifaransa, pamoja na kijitabu cha kurasa nne. Kijitabu kilieleza kwamba watawa wa dini ya Buddha, huko kwenye milima ya Asia, waliyashika maneno haya moyoni ili kuzoeza akili zao. Si maneno ya kusoma umekaa peke yako kwenye utulivu, kilisema. Ni ya kutumia pale pale mbele ya mtu anayekuudhi.

Hapo kilinipata. Watu wa kuniudhi nilikuwa nao kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Mimi ni Mkristo, naimba kwenye kwaya. Nilizisoma kadi zote siku ile nikitafuta mahali zinaponiambia niache sala zangu. Sikupaona. Niliona tu mambo ambayo ningependa wengine wayafanye kwanza. Nikachomoa moja bila kuchagua, nikaibana kwenye kizuizi cha jua juu ya kioo cha mbele. Ilisema, kwa maneno yangu, kwamba lawama zote zipelekwe kwa mmoja. Na huyo mmoja, kijitabu kilifafanua, ni wewe mwenyewe, yaani kile kipande chako kinachotaka kuwa na haki kila siku.

Kesho yake mhasibu alirudi. Sijui nani alimbembeleza. Tulipofika kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji, injini ikazima. Akaiwasha, ikazima tena. Nyuma yetu honi zilianza, kwanza moja, halafu barabara nzima. Polisi wa barabarani, mwanamke mrefu mwenye glovu nyeupe, akaja dirishani.

"Njo nini hapa?"

Nilifungua mdomo, na lile neno lililokuwa limezoea kutoka likakwama. Nikatazama kadi. "Kosa ni yangu," nikasema.

Polisi akaangalia usukani, akaangalia mikono yangu mitupu. "Ule mwenye kuendesha njo nani?"

"Iko yeye. Lakini kosa iko yangu. Nilimuharakisha."

Mhasibu aligeuka akanitazama kama mtu aliyeona ukuta unazungumza. Nadhani polisi katika kazi yake hakuwahi kuletewa kosa bure namna hiyo. Akarudi nyuma hatua mbili, akanyoosha glovu zake, akasimamisha magari ya pande zote nne. Tukapita peke yetu kama wakubwa wa serikali. Injini haikuzima.

"Madame," mhasibu alininong'oneza tulipofika ng'ambo, "muko muzima?"

Nilicheka hadi machozi. Sikumbuki kama kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewahi kucheka ndani ya gari la kazi. Tangu hapo kila asubuhi nilibana kadi moja.

Sasa nizungumze juu ya mama mkwe wangu. Wakati huo alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikuja Lubumbashi kutoka Kasai akiwa bibi harusi, na sasa ni mjane anayeuza vitenge kwenye soko la Kenya. Alikuwa ameishi nasi mtaa wa Bel-Air kwa miaka minne, na katika miaka hiyo hakunitukana hata siku moja. Alikuwa akishusha pumzi tu. Nikipika sombe, yaani kisamvu, anaonja, anashusha pumzi. Nikirudi kazini na funguo za gari mkononi, anamgeukia mume wangu, si mimi, na kumuuliza kwa upole kama watoto wamekwisha kula.

Jumapili moja, baada ya ibada, mume wangu alikuwa ametoka. Mama aliingia jikoni, akafunga mlango.

"Mukwe, we utanifundisha motokari."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama?"

"Motokari. Kuendesha. Na bwana yako asijue." Alivuta kiti, akakaa, mikono juu ya magoti. "Bana yangu bote balisema hapana. Mukubwa alisema macho. Wa pili alisema magoti. Bwana yako, yeye alicheka tu. Njo ule aliniumiza zaidi."

Kadi ya siku ile ilikuwa inahimiza kumshukuru kila mtu. Nilikuwa nimeisoma asubuhi kwa furaha kubwa kwa sababu nilikuwa nikiwafikiria watu wengine. Nikamtazama mama mkwe wangu, mwanamke aliyeshusha pumzi juu ya kila chungu changu, nikasema, "Aksanti, mama." Nikashangaa kusikia nimelisema kwa sauti. Naye akashangaa zaidi.

Tulianza Jumamosi, mapema, kwenye barabara ya Luano, iendayo uwanja wa ndege, ambako asubuhi magari ni machache. Kabla ya kugusa ufunguo, mama alifumba macho akasali. Aliliombea gari, akayaombea magurudumu moja moja, akawaombea wapita njia wa Lubumbashi kwa jumla. Mwisho akasema, "Na sauti ya mukwe wangu, Bwana, uishushe."

"Amina," nikasema, maana ningesema nini?

Aliushika usukani kama mtu anayeshika mchi wa kutwangia. Tukaondoka kwa gia ya kwanza na gia ya kwanza tukakaa nayo. Kila aliyesimama kando ya barabara alisalimiwa, na salamu za mama si fupi; anauliza na habari za nyumbani. Muuza makala, yaani makaa, akisukuma baiskeli yenye magunia matatu, alitupita. Hakuwa hata ameipanda. Mama akampungia mkono, naye akatuomba radhi.

Tulipogeuza gari, aliiona kadi juu ya kioo. "Hii iko nini?"

Nikamweleza habari za watawa, wale ba-moine, nikijiandaa kwa mahubiri. Akavaa miwani, akaisoma.

"Hawa ba-moine, habana na bibi?"

"Habana, mama. Habaoi."

"Habana na mukwe mu nyumba?"

"Habana."

"Basi banajua nini?" Akaivua miwani. Lakini tuliporudi nyumbani aliliomba kopo, akaenda nalo chumbani kwake, na kuanzia wiki iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa anachagua kadi ya somo.

Na alichagua kwa shabaha. Siku niliyomwambia kwamba anakanyaga breki kama anaua nyoka, Jumamosi iliyofuata nilikuta juu ya kioo, upande wangu kabisa, kadi inayokataza kutaja kilema cha mwenzako. Siku niliyomsifu kupita kiasi nikitumaini atanisifu na mimi, kadi iliyofuata ilikuwa ile ya kutongoja kupigiwa makofi. Aliiweka, akaiweka sawa, akaanza kusali. Nilipomlalamikia, alisema hajui lolote, kopo ndilo linalochagua.

Basi Jumamosi ya nne nikamtangulia. Nilichukua kadi moja kwa siri, nikaibana upande wake. Ilisema mtu asimvizie mwenzake.

Akaisoma. "Nani anavizia?"

Ningeweza kunyamaza. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, gia ya pili, kwa mara ya kwanza. "Mama, miaka ine unanivizia ku chungu ya sombe."

Mguu wake ukatoka kwenye ambreyaji, ile pedali ya kushoto, na gari likaruka, likazima. Vumbi lilitupita, likaenda mbele. Nilianza kuhesabu ndugu wote watakaoitwa kwenye kikao cha familia kwa ajili ya neno hilo moja. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti kwanza, halafu kwa sauti nyembamba ya msichana ambayo sikuwahi kuisikia, na akapiga usukani kwa kiganja hadi honi ikalia, na honi ikamchekesha upya. Mimi nilishika tumbo. Kila mmoja wetu alipojaribu kusema neno, neno lilikuwa "sombe", na tunaanza tena. Dereva wa lori aliyekuwa anatoka upande wa uwanja wa ndege alisimama kutuuliza kama tunahitaji msaada, na hatukuweza kumjibu.

Jumamosi ya tano mambo yalituharibikia, na ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote.

Mpango wangu ulikuwa turudi mapema, kabla ya mji kuchangamka, lakini mama alikuwa amesali sana, na kufikia saa nne tulikuwa bado hatujafika nyumbani. Kwenye makutano nilimwambia akate kushoto. Akasubiri nafasi. Hapo ndipo ulipotokea msafara wa harusi: gari la bibi harusi limefungwa riboni, nyuma yake magari kama ishirini, taa zinawaka, honi zinalia pamoja kwa mdundo mmoja. Mbele kabisa mpiga video alikuwa amekaa kwenye buti lililo wazi la gari la kuongoza, kamera begani. Mama aliona nafasi ndogo kati ya gari la bibi harusi na lile linalofuata, akadhani ni nafasi yake. Akaingia.

"Mama, hapana, tutoke!"

"Nitoke wapi?"

Kweli hapakuwa na pa kutokea. Kulia tulikuwa na watu wanaoshangilia, kushoto magari yanayokuja, nyuma yetu gari zima la mashangazi waliovaa kitenge cha aina moja. Na msafara haukuwa unakwenda kwa mwendo wetu wa muuza makala. Nilimwona mama akibana midomo. Akaingiza gia ya pili. Akaingiza ya tatu, ambayo nilikuwa sijamfundisha.

"Nani alikuonyesha ile?"

"Nilikuangalia siku mingi," akasema bila kugeuza kichwa.

Tukapita katikati ya mji tukiwa na kibao cha shule ya udereva juu ya paa. Watoto walitukimbilia. Wanawake kwenye baraza za maduka walipiga vigelegele, wakamwona dereva wetu mwenye kilemba na miwani, wakapiga zaidi. Mpiga video aligeuza kamera ikamwelekea yeye. Nilitazama juu kutafuta msaada wa watawa, na kadi aliyoichagua asubuhi ilikuwa inasema kushika furaha tu, wakati wote. Nilikuwa na mguu juu ya breki yangu, tayari. Nikauondoa.

"Mama," nikasema, "piga honi!"

Alipiga. Alipiga kwa mdundo wao, halafu akaongeza wake. Mimi nilishusha kioo, nikatoa kitambaa cha kichwa nikakipeperusha nje, nikapiga kigelegele ambacho kwaya yangu haijawahi kukipata. Injini haikuzima hata mara moja. Kwenye mzunguko wa barabara, polisi alisimamisha kila kitu kwa ajili ya harusi, na mama akapita akimpungia mkono.

Tulifika nao hadi ukumbini kwa sababu hatukujua namna ya kutofika. Nilitaka tugeuze, lakini mashangazi wa gari la nyuma walikuwa wamekwisha kumfungulia mama mlango. Mmoja alimkumbatia kama dada yake mkubwa.

"Yaya, unaendesha kama mwanaume!"

"Hapana," mama akamjibu, akipangusa jasho, "minaendesha kama bibi."

Nilieleza ukweli kwa yeyote aliyenisikiliza, kwamba sisi si wa familia, kwamba ni somo la udereva. Hakuna aliyejali. Tulipewa viti, tukapewa bukari, ugali wa huku, na kuku, na mama akavutwa akacheze na shangazi wa bwana harusi. Aliporudi kukaa, bado anahema, aligeuza soda yake mezani mara mbili tatu bila kunywa.

"Mukwe, nikuambie kintu. Siku yote we unaingia na funguo mu mukono, mi nasikia hapa inanichoma." Akagusa kifua. "Bwana yangu alikuwa na motokari. Miaka makumi mbili nilikaa upande ya kuume, na kikapo juu ya magoti. Nilimuomba anifundishe. Alisema, bibi akijua njia zote, atarudia nyumbani juu ya nini? Akacheka. Na mi nilicheka naye." Akaiweka soda kando. "Haina juu ya sombe yako. Sombe yako iko muzuri. Chumvi njo kidogo tu, lakini iko muzuri."

Nilitaka kusema jambo la hekima. Badala yake nilimwambia ukweli wangu: kwamba funguo zile nilikuwa nazichezesha kwa makusudi. Kwamba nikimwona amekaa barazani, nilizitoa kwenye mkoba hata kama mlango ulikuwa wazi.

"Nilijua," akasema. Tukacheka tena, mdomo umejaa, mbele za watu tusiowajua.

Siri haikudumu. Jumatatu mchana mume wangu alirudi kutoka shuleni anakofundisha, akasimama mlangoni na simu mkononi. Mwenzake wa kazi, aliyekuwa jamaa ya bwana harusi, alikuwa amemtumia video. Ilikuwa na honi, vumbi, na mama yake.

"Mama. Huyu ni nani?"

Mama alivaa miwani, akaitazama video mpaka mwisho, akaomba airudishe mwanzo. "Bibi moya muzuri," akasema. "Anajua kuendesha."

Mume wangu akanigeukia mimi. Nilikuwa na jibu tayari. "Kosa iko yangu."

"Hapana," mama akadakia, "kosa iko yangu. Mi njo nilimuomba."

"Mi njo nilikubali."

"Mi njo niliingia mu harusi ya bantu!"

Tuligombania kosa lile kama watu wanaogombania kiti cha mbele. Mume wangu alijaribu kukasirika, nilimwona kabisa akijaribu, lakini video ilikuwa inaendelea mkononi mwake, na ilipofika pale ninapopeperusha kitambaa ikamshinda. Alikaa kwenye ngazi akacheka. Kisha akaacha.

"Mama, ile siku ulituomba, mi nilicheka. Kosa njo ile. Unisamehe."

Mama alimwekea mkono kichwani, kama mtoto. "We nawe umesoma makarata?"

Mtihani wa kwanza alishindwa. Alisali kwa muda mrefu hivi kwamba mtahini alidhani amesinzia, na baada ya hapo mambo hayakunyooka. Alirudi nyumbani amekasirika, akaingia chumbani, na kupitia mlango nilimsikia akiwasomea watawa kadi zao wenyewe kwa sauti ya kuwashtaki. Mtihani wa pili alisali nyumbani. Akafaulu. Mtahini alimsifu kwa kusalimia watembea kwa miguu, jambo ambalo, alisema, madereva wengi wa mji huu wamelisahau.

Mimi bado napaza sauti. Wiki iliyopita nilimfokea kijana mmoja kwenye mteremko hadi koo likaniuma, na kadi ilikuwa palepale machoni pangu. Tofauti ni kwamba siku hizi nasikia ninavyosikika, na mara nyingi nusu ya sentensi inanichekesha kabla sijaimaliza.

Mwezi uliofuata mtihani ule, wanawake watano wa soko la Kenya walikuja kujiandikisha, wote wametumwa na mama. Wa kwanza alikuwa muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, mwanamke mfupi mno, aliyekuja na mto wake wa kukalia na kikapu cha kushika njiani. Mama alipanda kiti cha nyuma bila kualikwa. Alisema amekuja kusikiliza tu. Tulitoka Bel-Air vizuri, na kwenye kona ya kwanza muuza makayabu akauliza aende upande gani. Mama akasema kushoto, mimi nikasema kuume, tukasema tena, kila mmoja kwa nguvu zaidi. Mwanamke yule akasogea kando ya barabara, akazima injini, akafungua kikapu, akatugawia maandazi, akasema tutaondoka tukishakubaliana.